Jogoo Niliyemfua

Mimi nina mkono mwepesi. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kutubu. Nasema ili anayesoma ajue mapema ameketi na mtu wa namna gani. Nilipokuwa msichana nilimng'oa kaka yangu jino kwa mwiko kwa sababu ya kipande cha samaki. Marehemu mume wangu, miaka yote ya ndoa yetu, alikuwa akinipa habari mbaya akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Na nilipoanza kufuga kuku wa maonyesho hapa Malangali, Sumbawanga, mkono huo huo ulinifaa sana. Watu wanaiona kazi ile kuwa ni ya urembo. Kumbe sehemu kubwa yake ni kuua.

Kuku wangu walikuwa vishungi. Si vishungi hawa wa kienyeji wenye manyoya matatu manne yamesimama kichwani kama mtu aliyeamka usingizini. Hawa walikuwa weusi mwili mzima, weusi wa kung'aa, na kichwani wamebeba mpira mweupe wa manyoya, mkubwa hata macho yao huyaoni. Mayai ya kwanza nilipewa na mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye nilikuwa nikimfulia kanzu zake na kuzipiga pasi. Ndugu yake aliyaleta kwa basi kutoka Dar es Salaam, yamefungwa ndani ya vitenge. Yalikuwa kumi na mawili. Nikamwekea kuku wa kienyeji ayaatamie, na wakatoka vifaranga watano. Kila aliyewaona aliuliza kama ni ndege au ni dawa ya mganga.

Vifaranga wakifika wiki ya nane, niliwapanga juu ya meza yangu ya kupigia pasi na kuwakagua mmoja mmoja. Mwenye nyoya jeupe begani, huyo nje. Mwenye kishungi kilicholalia upande, nje. Mwenye kidole kilichopinda, nje. Na nje maana yake nilimshika shingo kwa vidole viwili, nikavuta na kukunja, nikamtupa kwenye ndoo. Sauti yake ni ndogo, kama kuvunja njiti ya kiberiti. Ndoo ikijaa nilikwenda kuchemsha maji ya kunyonyolea. Sikuwahi kulia, na sikuwaelewa wanaolia.

Asubuhi moja nilimkuta kicheche bandani, ameua mitetea wawili na kunywa damu, tumbo limemjaa hata hawezi kupita kwenye tundu alilojia. Nilichukua mchi wa kutwangia ulezi. Nilimpiga hadi nikasikia mtu ananishika kiuno kwa nyuma.

"Wifi," sauti iliniambia, "ameshakufa. Sasa hivi unatwanga udongo."

Huyo alikuwa dada wa marehemu mume wangu, na bila yeye nisingekuwa na banda wala nyumba. Mume wangu alipofariki, matanga hayajapoa, kaka yake mkubwa alikuja kutoka Matai na maneno yake ameyapanga. Nyumba ni ya ukoo. Mjane hana mtoto. Arudi kwao. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa, kila mtu anaangalia vidole vyake vya miguu. Wifi yangu alisimama katikati yao akiwa bado amejifunga kanga ya msiba kiunoni. Alisema, "Atakayemtoa huyu, anitoe na mimi." Kesho yake akaleta godoro lake, sufuria mbili na jogoo mmoja, akahamia chumba cha uani. Mume wake alikuwa amemwacha zamani, hana wa kumrudia. Tukawa wajane wawili, mmoja wa kifo na mmoja wa talaka, tunafua nguo za watu. Shemeji hakurudi tena kuuliza habari ya nyumba, lakini sote tulijua kilichomzuia ni godoro lile la dada yake. Siku likiondoka, naondoka.

Jogoo aliyekuja naye alikuwa kuchi. Anayewajua kuchi hahitaji maelezo: miguu mirefu, shingo ndefu, kifua kitupu kimeiva kwa jua, na chuki isiyo na sababu. Alipigana na paka, na ndoo, na kivuli chake ukutani. Kutwa alikuwa akipita kando ya wavu wa banda langu akimtafuta jogoo wangu wa kishungi, na wa kwangu, ingawa haoni vizuri, alimjibu. Walirukiana huku wavu ukiwa katikati, mpaka vilemba vyao vikachanika. Wifi alimpenda kuchi yule kama mtu. Akila alimtupia tonge, na alimwita "baba."

"Siku moja huyu baba yako atakula kisu changu," nilikuwa nikimwambia.

"Siku hiyo na mimi utanila," alijibu, na tukacheka.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa na jogoo ambaye sikuwahi kupata mfano wake. Kishungi chake kilikuwa duara kamili, bila nyoya hata moja jeusi katikati. Afisa mifugo mmoja alipita akamtazama, akaniambia nimpeleke Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima mwezi wa nane, kuna sehemu ya kuku wa mapambo. Nilikuwa nimefua nguo za watu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniita mbele ya watu kwa jina langu na kunipigia makofi. Nililitaka jambo hilo. Nililitaka kwa tamaa, nisidanganye.

Kuku wa maonyesho anaogeshwa, na mimi nilimwogesha kwa namna ninayoijua. Nilipanga makarai manne uani. La kwanza sabuni ya unga, la pili maji matupu, la tatu maji ya limau ya kuondoa utelezi, la nne bluu, bluu ile ile ninayotia kwenye kanzu na vitambaa vya altare ili weupe uwe mweupe kweli. Wifi alimshika mabawa huku akinitania kwamba nimekosa nguo za kufua, sasa nafua jogoo. Nilichovya kishungi kwenye bluu mara mbili, nikakikausha kwa kanga juu ya jiko la mkaa, kisha nikakikusanya chote juu na kukifunga kwa mpira wa nywele, ili kisiguse maji wala pumba kabla ya safari. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake mzima. Macho yalikuwa makubwa na ya woga. Utosini, palipokuwa pamefunikwa siku zote, palikuwa na uvimbe laini wenye kudunda kidogo. Vishungi hawa fuvu lao halifungi vizuri hapo juu. Wako kama mtoto mchanga maisha yao yote.

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Sumbawanga anajua mwezi wa saba. Upepo wa Ufipa unakata masikio tangu asubuhi, jua linawaka lakini halina joto, na kila mtu anatembea amejikunyata ndani ya koti. Jogoo alikuwa hajakauka tumboni, anatetemeka, na mkaa ulikuwa unaniishia huku nina nguo za kumalizia. Mtu wa Dar es Salaam angemwanika juani akaenda zake. Mimi nilifikiri kama tunavyofikiri huku kwetu: mwenye baridi anapelekwa kwa wenzake. Bandani kulikuwa na mitetea wake watatu, wanene, wanaolala wamebanana. Nikamrudisha kwao wamtie joto, nikafunga komeo, nikapakia nguo kwenye baiskeli na kwenda Mazwi kuzipeleka kwa wenyewe.

Niliporudi jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Wifi alikuwa jikoni anachambua maharage. Mimi nilijaza pasi makaa ya jikoni, nikaiweka mezani, nikaenda bandani na kitambaa mkononi, nimkaushe vizuri.

Mlango niliukuta umeegeshwa tu, na jogoo wangu alikuwa kwenye kona, kifua chini. Kichwa sikukiona mara moja kwa sababu hakikuwa na rangi ya kichwa. Mpira wa nywele ulikuwa bado umefunga manyoya machache, yamekuwa mekundu na mazito. Ngozi ya utosi ilikuwa imeondolewa yote, na lile fuvu lisilofungika lilikuwa wazi, limechimbwa ndani hadi tupu. Jicho moja lilikuwepo. Mitetea watatu walikuwa wamesimama kwenye kichanja, kimya, wanajipangusa midomo.

Nje ya wavu alisimama kuchi, kilemba chake kinachuruzika damu.

Sikufikiri. Watu husema waliona giza. Mimi niliona kila kitu vizuri kuliko siku zote. Nilimkamata kuchi mguu, akanichoma mkononi kwa miiba ya miguu yake, mmoja ukaingia mpaka kwenye nyama. Nilimburuta hadi kwenye jiwe la kufulia, nikachukua kisu cha kumenyea viazi, na kwa kuwa kilikuwa butu sikukata, nilikeketa. Alikuwa anapiga mabawa damu inaruka mpaka kwenye shuka za watu zilizoanikwa. Wifi alitoka jikoni akipiga kelele. Alipofika, shingo ilikuwa mkononi mwangu na mwili ulikuwa unakimbia uani peke yake, ukaenda ukajigonga kwenye pipa na kuanguka.

"Umemuua baba! Wifi, umemuua kwa kosa gani?"

"Nenda bandani ukaone kosa lake. Nani alifungua mlango?"

Akasita. Kusita kule ndiko kulikomponza.

"Nilifungua mimi. Niliwapa mchicha. Nikaegesha mlango, nikaenda kuchota maji mara moja tu. Jogoo wako alikuwa kwenye kona ameelekea ukutani, nikadhani ni baridi..."

"Ukamwachia mnyama wako aingie!"

"Sikumwona akiingia. Wifi, naapa sikumwona."

Alikuwa analia, na akiwa analia akanitukana kwa Kifipa, tusi la mama. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa kwenye meza, imejaa moto, kwa sababu nilikuwa nimeiwasha nilipoingia tu. Niliishika. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka nilikuwa na nafasi ya kuiweka chini, nafasi ndefu ya kutosha mtu kusali Baba Yetu nusu. Niliizungusha kwa nguvu bila kuiachia, nikilenga uso. Yeye aliinua mkono wa kulia, na pasi ikakutana na mfupa. Ulilia. Kifuniko kilifunguka na makaa yakatumwagikia wote wawili, yeye mkononi na kifuani, mimi miguuni. Tulicheza tukiyakung'uta. Kisha akakaa chini, akauangalia mkono wake uliokuwa umeota kiwiko kingine katikati, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umenivunja."

Kijana wa bodaboda aliyemchukua hakutaka kuuliza. "Shika vizuri, mama, tunaenda taratibu," alisema tu. Nilipanda bodaboda ya pili, nikamfuata.

Hospitalini muuguzi aliutazama ule mkono, akatazama malengelenge ya kifuani, akanitazama mimi na damu ya kuchi kwenye blauzi yangu. Akasema kama kuna mtu amempiga, basi lazima polisi watoe fomu ya PF3. Nilisimama kando ya kitanda. Nilikuwa naziona siku zangu zilizobaki: mahabusu, kisha shemeji akija na kufuli jipya, kisha mimi na fungu langu la nguo stendi. Sikuwa nafikiria mkono wake hata kidogo. Ndivyo nilivyo.

"Nilianguka na pasi," wifi alisema.

"Ulianguka vipi?"

"Nilikanyaga sabuni. Wifi yangu huyu ndiye aliyeniokoa."

Walimwekea plasta kuanzia kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko. Tukarudi nyumbani. Wiki nzima nilimwogesha, nilimvalisha, nilimlisha ugali wa ulezi kwa mkono wangu, na sikumwomba radhi, kwa kuwa niliamini nimemwadhibu kupita kiasi lakini kwa haki. Kuna tofauti kubwa kati ya kuzidisha adhabu na kumpiga asiye na kosa, na mimi niliikalia tofauti hiyo kama kiti.

Yeye ndiye aliyeomba radhi. Siku ya nne alisema, "Wifi, nimefikiri sana. Mlango niliuegesha vibaya. Kazi yako ya mwaka mzima nimeiharibu mimi." Nikamwambia yamekwisha. Nilijiona mtu mkarimu.

Ilikuwa imebaki wiki moja kwenda Mbeya. Nilikuwa na jogoo mwingine, mtoto wa yule aliyekufa, kishungi chake si kamili lakini kinapendeza. Jumanne nilipanga makarai yangu manne. Sabuni, maji, limau, bluu. Nikakausha, nikakifunga kishungi juu kwa mpira wa nywele. Upepo ulikuwa mbaya kuliko siku ile ya kwanza, naye anatetemeka, nikampeleka kwa mitetea wale wale watatu. Safari hii sikuwa na safari ya Mazwi. Nikaleta meza yangu karibu na banda, nikaanza kupiga pasi mashati ya shule.

Mtetea wa kwanza aliacha kula. Akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Manyoya ya shingo yakamsimama. Alikuwa ameishi na jogoo huyu tangu jogoo akiwa kifaranga, wamelala kichanja kimoja, lakini kuku humjua mwenzake kwa kichwa, na kichwa hiki kilikuwa kigeni: uso mtupu, rangi ya bluu kwa mbali, pembe ya manyoya juu yake, na harufu ya sabuni. Alimdonoa mara moja, taratibu, kama anayeonja chumvi. Jogoo akarudi nyuma. Mtetea wa pili akashuka kutoka kwenye kichanja. Huyu alimdonoa utosini, na tone la damu likatokea juu ya weupe nilioutengeneza kwa mikono yangu. Basi. Wote watatu waliliona. Walimwingia kwa pamoja, bila kelele, wanapiga kwa zamu kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, naye akaenda kwenye kona, akaelekea ukutani.

Akaelekea ukutani. Pale ndipo nilipoelewa, na nilielewa nikiwa nimesimama na pasi mkononi, shati la mtoto wa mtu linaungua chini yake.

Niliingia bandani nikawapiga mateke. Mmoja aliruka mpaka bati la juu. Nilimtoa jogoo akiwa hai, jicho moja limekwisha toka, na utosini pametoboka. Komeo lilikuwa limefungwa. Kuchi alikuwa amekwisha liwa na siafu nyuma ya choo. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu uani pale ila mimi, na bluu yangu, na mpira wangu wa nywele.

Wifi aliita kutoka ndani. "Kuna nini huko, wifi?"

Mkono wangu ukafanya kinachoujia kwanza. Ukavuta shingo ya jogoo, ukakunja. Nikaita, "Nachinja kuku!"

Nilimnyonyoa haraka, nikakitupa kichwa chooni, nikapika supu yenye tangawizi na pilipili manga. Nilimpelekea bakuli kitandani. Aliutambua mguu, kwa sababu miguu ya vishungi ni ya kijivu, si ya njano.

"Huyu si jogoo wako wa Mbeya?"

"Ndiye."

"Umenichinjia jogoo wa maonyesho?" Akaweka bakuli chini na kujifunika uso kwa mkono wake mzima. "Na mimi nilivyokutendea! Wifi, Mungu akuone."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nilimwambia anywe isipoe.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu. Walikuja majirani kumi na watano, wakajaa sebuleni, na ulipofika wakati wa nia za watu, wifi alisimama. Aliomba wamwombee msamaha wa uzembe wake, maana kwa mlango mmoja alioegesha alimvunja moyo wifi yake, na wifi yake huyo amemlipa kwa wema. Wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Na mimi niliitikia. Niliitikia kwa sauti, kuliko wote.

Sikuwa na jogoo, lakini Mbeya walikuwa wanapokea hata mitetea. Niliwaogesha wale watatu, kila mmoja nikamfungia kwenye boksi lake, nikapanda nao basi. Nilijua walichofanya na nilijua wanachoweza kufanya, na niliwabeba kama mayai. Kwenye maonyesho waliwekwa vizimba vya peke yao. Mwamuzi, mzee wa koti jeupe, aliwatoa mmoja mmoja, akawapapasa kifua, akapuliza vishungi vyao kutazama ngozi. "Safi sana," alisema. "Na jinsi walivyo wapole! Kuku wapole namna hii wanaonyesha tabia ya mfugaji." Nilipata nafasi ya kwanza. Waliniita kwa jina langu kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na nilitabasamu kwenye picha. Furaha niliyoitamani mwaka mzima ilikuja kweli. Ilikaa mpaka nilipoketi kwenye basi la kurudi. Nilitapika mara mbili kabla ya Tunduma, na jirani yangu wa kiti akadhani ni gari.

Wifi alinipokea uani. Aliposoma cheti, alitafuta msumari na kukitundika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anakihangaikia kisikae upande.

"Unaona?" alisema. "Mungu amekulipa ile supu."

Hapo nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nilimwambia kuhusu bluu na mpira wa nywele, na mitetea, na komeo lililokuwa limefungwa siku ile ya pili. Nilimwambia kuchi hakuingia bandani hata siku moja, na damu ile ilikuwa yake mwenyewe, ya kugombana na wavu. Nilimwambia kosa lote lilikuwa langu tangu mwanzo.

Hakugeuka kwanza. Alikuwa anaangalia cheti.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile."

"Kabla ya supu, au baada?"

"Kabla."

"Na jumuiya ukaitikia."

"Niliitikia."

Aligeuka na plasta. Alinipiga nayo mdomoni kwa nguvu zote za bega, na nilisikia meno na plasta vikipasuka kwa wakati mmoja. Akapiga tena, sikioni. Mara ya tatu alipiga huku akilia kwa maumivu yake mwenyewe, kwani mfupa ulikuwa haujaunga, na mimi sikuinua mkono. Ndiyo mara pekee maishani mwangu sikuinua mkono. Alipochoka alikaa chini akaupakata ule mkono kama mtoto, vipande vya plasta vimetapakaa sakafuni, na nilipotaka kumgusa alisema, "Usinisogelee." Kisha akatafuta simu.

Shemeji alifika kutoka Matai kesho yake asubuhi na gari la kukodi. Nilimsikia akizima injini. Nilikuwa nimekwisha funga fungu langu la nguo usiku kucha, liko nyuma ya mlango, kwa kuwa sikuwa na shaka ameambiwa nini. Nilitoka nikapiga magoti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alimtazama dada yake, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mkono umefungwa kwa kanga. "Mbona mkono umekuwa hivi tena?"

"Niliteleza na pasi, nimekwambia kwenye simu. Jana nikateleza tena. Nataka nyumbani, kaka, nimechoka na baridi ya huku."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mdomo umefanyaje?"

Wifi alijibu kabla sijafungua huo mdomo. "Alianguka akininyanyua."

Wakapakia godoro, na sufuria mbili. Alipita mbele yangu akaingia kwenye gari, akafunga mlango wake, akatazama mbele barabarani. Sikupata hata jicho lake.

Shemeji alibaki nyuma kidogo. Alikuwa amezeeka tangu siku za msiba, na kwa mara ya kwanza nilimwona amevua kofia mbele yangu. Aliushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akaubana.

"Dada yangu ameniambia yote uliyomtendea," alisema. "Kumwogesha, kumlisha, mpaka kumchinjia jogoo wa mashindano. Mimi nilikukosea zamani. Kaa kwa amani, shemeji. Nyumba hii ni yako, hakuna mtu wa ukoo wetu atakayekugusa."

Nikasema, "Asante, shemeji."